Ile Moja Anayoiacha Ornella

2 Septemba
Masomo yamefunguliwa na mvua imefunguliwa pamoja nayo. Ornella ameingia mwaka wa kwanza. Nimemuvalisha shati nyeupe na sketi ya bulu, nimemusuka misuko sita inayosimama juu ya kichwa, nimemupeleka mwenyewe mpaka mulango wa darasa, mudogo wake Ezéchiel mugongoni. Watoto wengine walikuwa wanalia na kushika mama zao kwa kitenge. Yeye aliachilia mukono wangu akaingia bila kuangalia nyuma. Mimi ndiye nililia kidogo, nikasema ni vumbi. Vumbi gani, na matope yamefika kwenye magoti!

Mama ya Didier, mume wangu, ameshuka kutoka kijiji cha Miti na kuku mumoja na vifaranga vyake ndani ya kikapo. Jina lake ni Euphrasie lakini nyumbani sisi wote tunamwita Koko. Anasema atakaa nasi mpaka Ezéchiel afikishe miezi sita, juu ya macho yangu, yamekuwa madogo kama ya mugonjwa. Nimemushukuru. Nimeogopa pia. Koko ni mutu wa kufunua sufuria yako, kuonja, kunyamaza, halafu kuongeza chumvi.

4 Septemba
Ezéchiel hataki kulala. Sina la kuandika.

9 Septemba
Maîtresse Pascaline, mwalimu wa Ornella, ameniita. Kwenye kaye ya Ornella, daftari lake, kwa kalamu nyekundu, ameandika: Hajui kuhesabu.

"Mama Ornella," aliniambia, "binti yako anajua kuimba, anajua kuchora, anajua hata kunijibu. Kuhesabu, apana."

"Maîtresse, nyumbani anafika mpaka makumi tatu."

"Anaimba mpaka makumi tatu. Ule ni wimbo. Mimi naweka vijiti kumi mbele yake, anasema tisa. Naweka sita, anasema tano. Kila siku."

Akanielezea mambo yalivyo. Darasa limejaa, watoto wanabanana wanne kwenye benchi ya watatu. Tarehe 25 Oktoba, mwisho wa kipindi cha kwanza, directeur Barthélemy, mukubwa wa shule, atapita mwenyewe. Mutoto ambaye hawezi kuhesabu vitu makumi mbili bila kukosea anarudishwa maternelle, kwa watoto wadogo, mpaka mwaka kesho.

Nimepanda kilima na miguu mizito. Mimi niliacha masomo mwaka wa ine wa secondaire, na mimba ya Ornella huyu huyu. Sitaki yeye aanze maisha kwa kurudi nyuma, akae na watoto wanaojikojolea.

10 Septemba
Nimeanza naye. Maharagi kumi juu ya meza. Aligusa moja moja vizuri kabisa, tisa, halafu akafunika lile la mwisho kwa kiganja.

"Ngapi?"

"Tisa."

"Na hili lenye liko chini ya mukono?"

"Linabaki."

"Juu ya nini linabaki?"

"Linabaki tu, mama."

12 Septemba
Ngazi za udongo kutoka mulango wetu mpaka barabara ni makumi mbili na tatu. Tumezishuka tukihesabu. Alifika makumi mbili na mbili, akaruka ya mwisho kwa miguu yote miwili, akaangukia matope. Sketi ya bulu nimeifua na sabuni ya mwisho.

15 Septemba
Didier yuko nyumbani, juma lote alikuwa anaendesha lori la kwenda Minova. Nimemulilia juu ya mambo ya Ornella. Yeye anamega bugali, anasema, "Umuache, atajua. Hata mimi nilichelewa kujua hesabu."

"Ulichelewa mpaka leo," nikamwambia. "Kila siku unaniambia utafika saa tisa."

Koko alicheka kwa pua. Ni mara ya kwanza anacheka kitu nilichosema mimi.

17 Septemba
Mvua. Maharagi kumi: tisa.

18 Septemba
Mvua. Vijiko nane: saba.

20 Septemba
Leo nimefanya mambo mabaya na ninayaandika ili niyaone.

Usingizi ulikuwa umenijaa machoni, Ezéchiel analia, nguo hazikauki siku ya tatu, na Ornella mbele yangu na maharagi yake. Mara kumi na moja tumerudia. Mara kumi na moja ameacha moja. Nikapiga meza, maharagi yakaruka mpaka chini ya kitanda. Nikamupigia kelele: "Kichwa yako imejaa nini? Unataka barudishe weye kwa batoto badogo?"

Hakulia. Aliingia chini ya kitanda, akayaokota yote, akayaweka mezani. Moja alilikamata ndani ya ngumi akaniambia polepole, "Hili usilihesabu, mama. Nakuomba."

Koko alisimama, akamushika mukono, wakaenda jikoni wawili. Hakuniambia neno. Afadhali angenitukana. Nimebaki na Ezéchiel, nikafikiri: huyu mama anamuharibu mutoto wangu, kila nikimufundisha yeye anamuficha.

Baadaye nilimufuata Ornella nikamuomba samahani. Alinisamehe mara moja, akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi lala, mimi nitachunga sufuria." Sufuria ilikuwa tupu. Akaichunga.

28 Septemba
Siku ya posho, Jumamosi, hakuna masomo. Nimeelewa! Niandike polepole, nisiharibu.

Mvua ya mawe ilianza saa nane. Mabati yanapiga kelele mpaka hausikii mutu wa karibu. Koko aliita kuku wake na vifaranga waingie jikoni. Mimi niko kwenye kizingiti, namenya viazi. Koko akainama, akagusa vifaranga kimoja kimoja na kidole, na Ornella amechuchumaa kando yake, midomo yao inaenda pamoja. Mvua ikapunguza sauti, nikasikia: "Sita, saba, nane." Kilibaki kimoja, cha njano chenye bawa jeusi. Koko alikifunika kwa kiganja. Ornella naye akaweka kiganja chake kidogo juu ya mukono wa Koko. Halafu wakasimama, wameridhika, kama watu waliofunga mulango wa nyumba.

Vifaranga ni tisa.

Kiganja kile kile. Vilevile anavyofunika haragi. Kisu kilibaki kimesimama ndani ya kiazi. Mutoto wangu anajua kuhesabu. Anajua kuliko wote, kwa sababu kuacha moja ya mwisho kila mara lazima ujue iko wapi.

29 Septemba
Tumetoka misa, tukakaa kuchagua maharagi, mimi na Koko, ungo katikati yetu.

"Koko, wale vifaranga ni wangapi?"

"Nane."

"Mimi nimeona tisa."

"Basi ni weye umeona. Mimi sikusema."

Nikaendelea kuchagua. Niliogopa nikisema vibaya atafunga mudomo mpaka Noeli. Aliokota jiwe kwenye maharagi, akalitupa inje, halafu akaanza mwenyewe.

"Kitu chenye uzima haukihesabu chote, Mama Ornella. Kwetu ni vile. Ukihesabu bote kwa sauti, mwenye kusikiliza anajua ni bangapi, anajua pa kuchukua. Unaacha mumoja ndani ya mukono."

"Ulimufundisha Ornella?"

"Sikumufundisha. Ana macho. Kila likizo alikuwa Miti na mimi."

Akaniambia mambo ambayo Didier hajaniambia, labda hata hayajui. Zamani alikuwa na watoto sita. Mutu mumoja alipita na kaye, anaandika watu wa kila nyumba. Koko akawapanga watoto wake mbele ya mulango, akagusa kichwa kimoja kimoja kwa sauti kubwa.

"Nilitaka majirani basikie. Sita! Nilijivuna, mwanangu. Mbele mavuno yafike, surua ilikamata Agnès wangu, ikamuchukua. Alikuwa sawa na Ornella, meno mbili za mbele haziko."

Vidole vyake viliendelea kuchagua maharagi, havikusimama.

"Kutoka siku ile, mutu akiniuliza, nasema bane."

Bane! Miaka saba nasikia Koko anawaambia watu ana watoto wanne, na Didier na ndugu zake ni watano. Miaka saba nilikuwa nafikiri anamuacha Didier inje ya hesabu juu ya kunioa mimi. Nikamwambia. Koko aliniangalia, akafungua mudomo, halafu akacheka mpaka ungo ukainama.

"Weye! Na ulikuwa unanipikia na hiyo ndani ya roho?"

"Ndiyo. Na weye unaongeza chumvi."

"Chumvi inakosekana kweli," akasema. "Hiyo si chuki."

Tulipomaliza kucheka, nilimwambia yote: vijiti vya maîtresse, tarehe 25, maternelle. Hakuna mutu aliyekuwa amemwambia. Nikamwambia kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Koko, desturi yako nimeisikia na sitaicheka. Lakini kijiti si mutu. Haragi si mutu. Ukinisaidia, mutoto atabaki. Ukikataa, atarudishwa."

Koko akageuza haragi moja kwenye vidole. "Kijiti kimekauka, sawa. Ngazi, sawa. Haragi, apana. Haragi lina uzima. Unalipanda, linaota."

"Na lenye kuchemka?"

Koko aliinua kichwa. Aliangalia sufuria. Naona ni jambo ambalo hakuna mutu amewahi kumuuliza.

"Lenye kuchemka," akasema mwishoni, "limemaliza mambo yake."

Tumepatana: maharagi yaliyoiva, yote. Vijiti, vyote. Vifaranga, apana. Watu, apana, na mimi sitamulazimisha. Nimempa mukono.

30 Septemba
Koko mwenyewe ndiye aliketi na Ornella leo. Maharagi kumi ya moto kwenye sahani ya bati. Ornella akafika tisa, kiganja kikaenda peke yake. Koko alikiinua kidole kwa kidole.

"Toa mukono. Hili limeiva. Haliogopi mutu."

"Mwenye kusikiliza je?"

"Asikilize. Anataka maharagi, aje na sahani yake."

"Kumi!" Ornella alipiga kelele, majirani wakatoka kuangalia. Halafu akalila lile la kumi, taratibu, macho yamefungwa.

3 Oktoba
Maharagi kumi na mbili, na akala yote.

6 Oktoba
Anahesabu kila kitu ambacho hakipumui. Bidons za maji, misumari ya mulango, mistari ya kitenge changu nikiwa nimekivaa, kwa hiyo lazima nizunguke. Leo Didier amevaa shati ya misa, Ornella akamusimamia mbele na kidole: "Moja, mbili, tatu, ine, tano. Papa, moja haiko." Nikataka kulia, nikafikiri ameanza tena. Kumbe kifungo cha sita kimeanguka kweli na mimi sijakishona.

Didier anasema, "Ulitaka ajue hesabu. Sasa kamata sindano."

11 Oktoba
Mvua imebeba ngazi tatu za chini. Didier analaani, atachimba upya siku ya Mungu, badala ya kupumuzika. Ornella anaruka-ruka kwa furaha. Zimebaki makumi mbili kamili, anasema Mungu amezipunguza ili zilingane na zile za directeur.

14 Oktoba
Ezéchiel amecheka kwa sauti, mara ya kwanza. Alikuwa anamuangalia kuku.

18 Oktoba
Maharagi tena. Didier anauliza kwa adabu kama duniani hakuna chakula kingine chenye kuhesabika. Nimenunua sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Ornella amezipanga zote kwa mustari, vichwa upande mumoja, tukala baridi.

22 Oktoba
Nimekutana na maîtresse Pascaline kwenye barabara. "Vijiti kumi, amesema kumi. Mumemufanya nini?" Nikamwambia tumechemsha. Alifikiri nimechoka, akanishauri nilale.

24 Oktoba
Kesho. Nimepiga pasi sketi mara mbili. Koko anasema atakuja na sisi. Amepakaa mafuta viatu vyake vya Pasaka.

25 Oktoba
Wazazi tulisimama nyuma ya darasa, tumejibana na ubao wa zamani. Koko alibaki mulangoni na Ezéchiel mugongoni. Watoto wa kujaribiwa walikaa kwenye mabenchi mawili ya mbele. Sitaandika walikuwa wangapi.

Directeur Barthélemy ni muzee murefu, miwani kwenye ncha ya pua, kalamu mbili mufukoni. Mutoto wa kwanza alifika kumi na sita akapotea, mama yake akashika kichwa. Wa pili alifaulu. Halafu: "Ornella."

Akasimama. Vijiti vikamwagwa. Akavivuta kimoja kimoja upande wake, bila haraka, kama mutu anayepanga kuni. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Hapo mukono wake ulifunguka, niliona kiganja kikiinuka, na mimi pumzi ikasimama. Aliangalia kiganja chake. Akakirudisha kwenye sketi, akakipanguza, akavuta kijiti cha mwisho.

"Makumi mbili."

"Vizuri," akasema directeur. Niliachia pumzi mpaka mama wa kando aligeuka. Directeur akafungua kalamu aandike, halafu akasimama, akatabasamu. Alitaka tu kumufurahisha mutoto, sina neno naye.

"Na moja ya kucheza. Kwenye haya mabenchi mawili, na weye ndani, muko batoto bangapi?"

Ornella akashika sketi kwa mikono miwili.

Aliwaangalia wenzake. Akaniangalia mimi. Akaangalia mulangoni. Matone yalikuwa yanaanguka kutoka bati. Nilikuwa nimempa Koko mukono: watu, apana. Na mbele yangu kalamu ya directeur imesimama hewani.

"Haujui?" akauliza, na tabasamu linaanza kwenda. "Ni kuhesabu tu, kama vijiti."

Nilikuwa bado sijafungua mudomo wakati nilisikia sauti ya Koko nyuma yangu, ndogo sana: "Mama Ornella. Umwambie ahesabu. Ahesabu bote. Mimi nitatoka inje, sitasikia."

Nikageuka. Alikuwa ameshika mwimo wa mulango. Uso wake ulikuwa wa mutu anayevuka muto kwa miguu. Alikuwa ananipa kitu alichokishika toka Agnès alipoenda, na anakitoa kwa mukono mumoja, na mukono mwingine umeshika makalio ya Ezéchiel asianguke. Sitamufikiria vibaya tena huyu mama, hata akimwaga chumvi yote.

Lakini Ornella hakungoja.

"Muinue mikono!" akaamuru, kwa sauti ya maîtresse Pascaline kabisa. "Yote mbili!"

Wakainua. Watoto wanapenda kuamuriwa na mwenzao. Ornella akapita mbele ya mabenchi na kidole, anagusa mikono. "Moja, mbili. Tatu, ine. Tano, sita..." Alipofika kwa Assani, mutoto munene wa benchi ya pili, mukono mumoja tu ulikuwa juu.

"Assani, na ule mwingine."

"Uko na kazi."

"Kazi gani?"

"Unashika mandazi."

Darasa lililipuka. Maîtresse Pascaline alijifunika mudomo, akaacha chaki kwenye pua. Ornella hakucheka hata kidogo. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Uutoe. Na mandazi yake. Siachi mukono mufukoni."

Assani akatoa mukono polepole, mafuta mpaka kwenye kifundo, nusu ya mandazi imekamatwa vizuri. Ukahesabiwa. Halafu Ornella akainua yake miwili, akaihesabu kwa kuielekezea pua.

"Mikono kumi na ine, directeur."

"Nilikuuliza batoto."

"Kila mumoja iko na mbili," akamwambia kwa upole, kama mutu anayemwelezea mugeni njia. "Batoto utajihesabia weye mwenyewe."

Kicheko cha kwanza kilitoka mulangoni. Koko hakuwa ametoka. Alicheka akainama, Ezéchiel akaruka-ruka mugongoni kwake, halafu sisi wote nyuma yake. Directeur alivua miwani, akaipanguza kwa muda murefu kuliko inavyohitaji, mabega yake yanatikisika.

"Maîtresse," akasema, "huyu ndiye hajui kuhesabu?"

Akaandika. Mimi nilisoma kutoka mbali, mara tatu, neno moja: Abaki.

Tulirudi kwa miguu, mvua nyembamba inatushukia na hakuna aliyefungua mwavuli. Koko anatembea mbele na viatu vyake vya Pasaka mukononi ili matope yasivishike. Ornella kati yetu, anafikiri, uso umekunjika.

"Mama, directeur hakujua tuko bangapi?"

"Alijua. Tuko mbele yake, ana macho na miwani."

"Sasa juu ya nini aliniuliza?"

Mwaka wa ine wa secondaire haukunifikisha hapo. Nikamuangalia Koko, naye akaniangalia, tukasimama katikati ya barabara na matope, wawili, tumeshikana mabega, tunacheka mpaka machozi. Na Ornella anatuvuta kitenge, huku na huku, anasema, "Munijibu! Koko! Mama! Naulizaka kweli!"